Karanga Tatu Zilizopungua

Andika hivi, Keji, na usinipambie maneno: babu yako hakuwa na ugonjwa wowote wa karanga. Kwa miaka zaidi ya arubaini niliwaambia watu kwamba zinamdhuru tumbo, na uongo huo ulikuwa wangu, si wake. Yeye alikaa kimya tu huku nikiusema. Siku tulipomaliza matanga yake pale mtaani Lemon Gaba, jirani mmoja alileta sinia la karanga zilizokaangwa kwa chumvi, na kabla halijafika mkekani shangazi zako walilirudisha jikoni mbio, kana kwamba marehemu angeweza kudhurika bado. Nikatazama, nikanyamaza. Lakini jana nilikuona ukimnyang'anya mwanao punje aliyopewa na mwenzake, ukaniambia kwamba daktari mmoja wa mtaa wa Hai Amarat amekushauri utahadhari, maana maradhi ya namna hiyo hufuata damu. Mtoto ana miaka mitano na hajui ladha ya karanga, hapa Juba. Hapo ndipo nilipojua kwamba uongo wangu umezaa, umejukuu, na sasa unamnyima chakula asiye na kosa. Mimi sikusoma, siwezi kuuondoa kwa mkono wangu. Basi tumia wako.

Nilikotoka na nani alinizaa utayapata kwa wengine. Mwaka yalipotokea haya nilikadiriwa kuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nikiuza chai ukingoni mwa kiwanja cha ndege, ndani ya kibanda kilichoezekwa mabati na kuzungushiwa mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Jua lilipopanda, kuta hizo zilialika moja baada ya nyingine kama mzee anayenyoosha viungo. Ndani mlikuwa na meko mawili, benchi moja, birika lililopoteza kifuniko, na ndoo ya maji niliyoifunika kwa sinia. Tangawizi yangu ilishindana na harufu ya mafuta ya ndege, na mafuta ndiyo yaliyoshinda. Hata kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, niliyoikunja ndani ya kitambaa ilikuwa na ladha yake kwa mbali. Nyuma ya ukuta ulikuwa uwanja wa mapipa, mali ya mfanyabiashara mmoja aliyekuja mara moja kwa juma. Siku nyingine zote msimamizi alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuona doa juu yake ingawa kazi yake ilikuwa mafuta. Kiswahili hiki unachokiandika ni chake. Mimi nilikuja na kile cha Uganda, cha mimi iko na wewe iko, naye hakunicheka hata siku moja. Alilirudia tu neno langu likiwa limenyooka, kisha akaendelea kunywa chai.

Ukuta wa mapipa hauzuii maneno, na mimi nilisomea pale. Mafuta yalikuja kwa malori kutoka Nimule, na malori yalilala Nesitu kabla ya kuingia mjini. Kilichotokea Nesitu wakati dereva amelala kilijulikana asubuhi. Lakiri ya mdomoni ilikuwa nzima, kifuniko kimekaza, lakini chini kabisa ya pipa palikuwa na tundu dogo kama la sindano lililozibwa kwa sabuni. Mzee Athumani hakutazama lakiri. Aligonga pipa kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kwenda chini, akiwa ameinamisha sikio. "Pipa lililoshiba huitika kwa sauti moja," alimwambia kila mfanyakazi mpya. "Likibadilisha sauti njiani, limeibiwa." Alidondosha tone nyuma ya kiganja: likikauka upesi na kuacha baridi, ni safi, likiacha utelezi, limechanganywa na mafuta ya taa. Aliyachuja yote kwa ngozi laini iliyotandazwa ndani ya faneli, maana ngozi ile hupitisha mafuta na kuyazuia maji. Aliwashauri marubani wanunue alfajiri, kwa kuwa mafuta yaliyolala kwenye baridi yamejikunja na ya saa nane mchana yamevimba, nawe unalipia uvimbe. Na kazi ilipokwisha, aliuinua mpira wa pampu begani, akautembeza mkono wake kutoka mwanzo hadi mwisho ili kile kilichobaki ndani kiingie katika tangi la mwenyewe. Mtu aliyefanya hivyo kwa vikombe viwili vya mafuta sikuweza kumdhania wizi.

Ndiyo maana ugomvi wake na Kapteni Mutiso uliniumiza. Kapteni alikuwa Mkamba wa Machakos, mnene, mwenye kicheko cha karibu, naye alirusha ndege ndogo ya injini moja yenye mabawa juu ya dirisha, akipeleka dawa na watu huko ambako barabara hukatika miezi sita. Hakuamini mishale ya vipimo vya mafuta iliyokuwa mbele ya kiti chake. Aliamini kijiti chake, cha mti mgumu, alichokitia alama kwa kisu siku moja akiwa analijaza tangi kidogo kidogo. Na aliniambia baadaye kwamba kijiti cha ndege moja ni uongo kwa ndege nyingine, hata zikiwa pacha. Aliisukuma ndege mpaka mahali tambarare, akapanda ngazi, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Na mara nyingi alishuka amekunja uso.

"Mzee, nimelipia lita mia moja na sitini. Hapa hazifiki mia na arubaini na tano. Hizo zingine zimeenda wapi, harusini?"

"Kapteni, tumehesabu mbele yako."

"Nami nimepima mbele yako."

Wote wawili walisema kweli. Mita ya pampu ilikuwa imekufa zamani, na kila pigo la mpini lilitoa lita moja, kwa hiyo mtu alisimama kando akihesabu mapigo kwa mdomo. Mimi niliyekaa bila kazi kati ya kikombe na kikombe ndiye niliyeona mafuta yanakopotelea. Wewe umekulia Kenya, lakini umeishi hapa kiasi cha kujua: katika mji huu mtu hakusalimu ukakaa kimya. Mhesabuji alikuwa amefika sitini na mbili, akapita mtu wa kwao. Salaam taki. Salaam taki, kef? Umelalaje, watoto wamelalaje, mama amepona mguu, mvua imefika kwenu? Mpini ulisimama kwa heshima, kwa kuwa naye mpigaji alisalimiwa. Salamu zilipokwisha, mhesabuji alikohoa na kuendelea, kwa nia njema kabisa, kutoka sabini na nne. Hapakuwa na mwizi. Salamu ndizo zilizokuwa zikinywa mafuta ya Kapteni.

Nilimpelekea Mzee Athumani chai yake nikamwambia, "Mtu anayehesabu asihesabu kwa mdomo. Mdomo ni wa watu wote." Akaniuliza atahesabu kwa kitu gani. Nikachukua bakuli langu la karanga za kuuza, nikatoa zote nikabakiza kumi na sita, nikakaa mahali pa mhesabuji. Vidole vyangu vilihesabu mapigo kumi. Vikijaa, karanga moja ilitoka kwenye bakuli ikaingia kwenye kopo. Bakuli likiwa tupu, lita mia moja na sitini zimeingia. Nilisalimiwa siku ile na nusu ya Juba, nikaitikia yote, mpaka habari za ng'ombe, na vidole vyangu havikusikia kitu. Kapteni alipanda ngazi, akatoa kijiti, akakitazama muda mrefu, akakifuta kwa suruali, akakitumbukiza tena. Alishuka akaomba chai. Kesho yake alisema kwamba ndege yake haitajazwa na mtu mwingine isipokuwa msichana wa karanga.

Sasa fahamu ugumu wa kazi ile, maana ndipo lilipo kosa. Chakula kilicho wazi kati ya watu si cha mtu mmoja. Bakuli la karanga likiwekwa, kila mkono unaopita una haki nalo, na mwenye kuuzuia anajivunjia jina. Mimi niliuzuia. Niliwapiga watu vidole kwa kijiko cha chai: wapakizi, polisi wa lango, hata kasisi mmoja aliyekuwa akisubiri safari na akacheka mpaka machozi. Waliniita Poni mchoyo. "Msipite huku," walisema, "huku karanga zina mshahara." Nilivumilia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na jambo ambalo wakubwa waliniuliza mimi. Miezi ilipita, na kijiti na karanga havikuwahi kukosana. Kapteni akaanza kuchovya kijiti mara moja tu, kisha kwa haraka, kisha siku nyingine alipanda kufunga vifuniko tu na kuniuliza kutoka juu, "Poni, imejaa?" Nami nilijibu, "Imejaa." Niliona fahari. Leo naona kwamba hapo ndipo sote tulipoanza kukosea.

Babu yako aliajiriwa kwenye mpini wakati wa mvua za kwanza. Aliitwa Lado, na jina hilo lilikuwa la vijana watano pale uwanjani, kwa hiyo waliwaita wengine kwa kazi zao na yeye kwa mabega yake. Alipiga mpini kwa mwendo mmoja usiobadilika, nami nilifurahi kwa sababu ya hesabu, ndivyo nilivyojiambia. Tulikaa hatua mbili mmoja kutoka kwa mwenzake, bakuli kati yetu.

"Ya Poni," alisema siku ya tatu, bila kuacha kupiga, "hii karanga yako, unahesabu ama unaiatamia ikue?"

"Piga mpini."

"Mimi napiga. Mimi nauliza tu kama kuna moja imechoka, haitaki kazi."

Niliandika kidole cha saba moyoni. Jioni alirudisha kikombe changu akiwa amekiosha, jambo ambalo mwanamume hakulifanya pale, na alikiosha vibaya. Nilikiosha tena alipoondoka, polepole kuliko ilivyohitajika.

Siku yenyewe ilikuwa na mawingu mazito upande wa Jebel, ule mlima wa mji, na Kapteni alikuwa na haraka ya kuondoka kabla hayajavuka. Alikuwa akimrudisha kwao mama mmoja na mtoto aliyetoka hospitalini. Mtoto alikuwa amekwisha kukaa dirishani, akila ndizi na kuipaka kwenye kioo. Huko walikokwenda hapakuwa na mafuta hata ya kujaza kibatari, kwa hiyo yaliyoingia hapa ndiyo ya kwenda na ndiyo ya kurudi. Niliweka karanga zangu kumi na sita. Lado akaanza kupiga. Tulikuwa katikati ya kazi alipoacha mpini ili kufuta jasho, nami nikauona mkono wake ukitoka kwenye paji la uso na kushuka bakulini. Andika vizuri hapa, Keji. Niliuona. Kijiko kilikuwa mapajani mwangu. Mtu mwingine yeyote ningempiga. Badala yake niligeuza uso nikatazama mlima, kama msichana anavyogeuza uso, na nilikuwa nikitabasamu. Nilijiambia kwamba amechukua moja na nitairudisha. Kisha mlio wa mpini ukaanza tena, vidole vyangu vikaanza tena, Kapteni akanifokea kwa sababu ya mawingu, ile moja nikaisahau, na bakuli likawa tupu.

"Poni, imejaa?"

"Imejaa."

Alifunga vifuniko bila kuchovya kijiti. Lado alimshikia ngazi. Injini ikawaka, ndege ikaanza kutambaa kuelekea mwanzo wa njia, ndipo nilipogeuka kumpa babu yako maji na kuona kiganja chake kilicholowa grisi. Maganda mekundu ya karanga yalikuwa yameganda humo, zaidi ya yale ya karanga moja.

"Umekula ngapi?"

"Tatu. Labda."

"Tatu au labda?"

Uso wake ulibadilika kabla hajajibu, kwa kuwa naye alikuwa mpigaji na alijua karanga moja ni nini. "Tatu," akasema. Nilikuwa nimekwisha kukimbia. Nilikimbia na bakuli mkononi, sijui kwa nini sikuliacha, nikakata nyasi na kutokea mbele ya ndege ilipokuwa ikigeuka kuukabili upepo, nikasimama katikati ya lami nimeinua mikono. Propela ilikuwa duara la kijivu mbele yangu na nguo yangu ilivutwa kuielekea. Injini ikanyamaza. Kapteni alifungua mlango, na sauti yake ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia.

"Wewe msichana, unataka kufa?"

"Hesabu yangu si ya kweli. Zimepungua karanga tatu."

Hakuuliza mara ya pili. Tuliisukuma ndege mpaka mahali tambarare, akapanda, akachovya, akatoa kijiti na kumwonyesha Mzee Athumani. Lita thelathini zilipigwa na mkono uleule wa Lado, Kapteni akihesabu mwenyewe kwa sauti, na watu waliopita wakati ule waliona nyuso zetu wakapita bila kusalimu. Ndiyo mara pekee niliyoshuhudia jambo hilo katika mji huu. Alipomaliza aliuliza, "Nani amekula?" Nikasema, "Bakuli ni langu." Mzee Athumani alimtazama Lado. Lado alitazama mpini. Alinyamaza. Usilipunguze neno hilo. Alikuwa na miaka ishirini na moja, ndiyo kazi yake ya kwanza ya mshahara, na alinyamaza. Mtoto yule alikuwa bado dirishani na ndizi yake, akinipungia ndege ilipoondoka.

Mchana ule sikuuza kikombe hata kimoja. Mvua ilipiga mabati mpaka Mzee Athumani alipokuwa akisema nami ikabidi nisome midomo yake, na alichosema ni kwamba nisilie juu ya chai ya watu. Hakuniliwaza zaidi ya hapo. Alikaa tu benchini, saa baada ya saa, kofia yake magotini, akisikiliza mbinguni kama alivyosikiliza mapipa. Ndege ilirudi jua likiwa limebaki kidogo. Ilikuwa imeizunguka mvua, ikaenda mbali kuliko ilivyokusudiwa, na ilitua kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai. Kapteni alishuka, akachukua ngazi mwenyewe, akachovya kijiti upande huu na upande ule, kisha akaja nacho kibandani akakilaza mezani kati ya vikombe. Kilikuwa kimelowa nchani tu, upana wa vidole viwili. Mzee Athumani aliinama, akapima kwa kucha, na midomo yake ikahesabu.

"Lita hizi zilizobaki hazifiki karanga tatu," akasema.

Lado alikuwa mlangoni na alisikia. Sikumwona akiondoka. Asubuhi iliyofuata, mwenye mali alipokuja na watu wote wakiwa wamekusanyika kupangiwa kazi, Lado alisimama mbele yao akasema, "Ni mimi nilikula. Poni hakula. Mimi nilinyamaza jana, leo nasema." Alitolewa kwenye mpini siku ileile, akapelekwa kubeba mizigo. Kapteni alimwambia, "Najua. Ulinishikia ngazi na maganda yako mkononi." Lado akamuuliza kwa nini basi hakusema. "Kwa sababu si mimi niliyekuwa na la kusema," Kapteni akajibu. Kisha akaja kwangu na bakuli. Nilidhani ananiaga. Akaliweka mbele yangu akasema, "Utaendelea kuhesabu. Na mimi nitapima kila siku, hata nikikuamini. Hasa nikikuamini." Nimewalea watoto sita kwa maneno hayo, na ninyi mkaniita mkali.

Lado alikuja kibandani jioni, akanunua chai, na nilipomsogezea karanga kama kwa mteja yeyote alizirudisha upande wangu wa meza. Hakuapa. Alizirudisha tu, na akaendelea kuzirudisha: siku ya posa yetu, katika harusi za watu, kambini, tulipokuwa wakimbizi, ambako karanga ndizo zilikuwa chakula. Mchuzi wa karanga za kusaga aliula, akisema hizo haziwezi tena kuhesabiwa. Watu walipoanza kuuliza, niliona aibu inampanda shingoni, nikasema zinamdhuru tumbo. Ndivyo ilivyoanza. Nilijua naweza kumpunguzia mzigo kwa kumwambia nilichokiona siku ile, kwamba kosa lilikuwa la watu wawili. Sikumwambia. Mtu aliyesimama mbele ya ndege na kusifiwa ukweli wake na uwanja mzima hapendi kusema kwamba aliuona mkono akageuza uso.

Juma la mwisho hospitalini alikuwa hajala siku mbili, na nilipomuuliza anataka nini alisema karanga. Nilidhani ni homa. Nilikwenda nyumbani nikazikaanga mwenyewe bila chumvi, nikazimenya maganda yale mekundu moja moja, nikamletea ndani ya kitambaa. Alizitazama muda mrefu bila kuzigusa.

"Poni," akasema, "ndege imejaa?"

"Imejaa, baba. Kula."

Akala moja, akaitafuna kama mtu anayesikiliza. Hapo nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile niliuona mkono wake tangu ulipotoka kwenye paji la uso, na kijiko nilikuwa nacho, na nilitazama mlima. Alicheka bila sauti, kwa mabega tu, yale mabega.

"Mimi najua," akasema. "Nilichukua ya kwanza, nikangoja unipige. Hukunipiga. Ndiyo nikachukua mbili."

Kisha akanyoosha mkono akala mbili zilizobaki za hesabu yake, na zilizozidi akazisukuma upande wangu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimdhuru babu yako. Sasa funga daftari, umwite mtoto, na uniletee bakuli lile dogo la bati. Nitamhesabia mimi mwenyewe.